Vidonge Vyangu Anakula Nani?

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitamvusha haraka. Mimi ni mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli na hospitali. Nina virusi, huu ni mwaka wa sita, na ninatakiwa kumeza kidonge kimoja kila siku. Mume wangu ni fundi wa kufuli. Tangu mwaka jana vidonge vyangu amevitunza yeye, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli tatu. Kila jioni baada ya kula ananipa kimoja, iwapo siku hiyo ameridhika na adabu yangu.

Asiporidhika, hanipi. Nikidai, ananipiga.

Wengi mmeniandikia. Akina mama mmenitaka niondoke. Mzee mmoja ameniambia anatuombea sote wawili, nami nimeshukuru kwa niaba ya wote wawili. Na yuko bwana ambaye, baada ya kunipa pole ya mistari miwili, ameomba namba ya mume wangu kwa sababu geti lake limekwama. Namba sitoi.

Leo naungama. Kwa wiki tatu nimewasimulia niliyotendewa. Leo ni zamu ya niliyotenda mimi, na nisingependa mama mkwe wangu alione gazeti hili, ingawa najua jirani yake atamsomea kwa sauti.

Katika nyumba yetu hapakuwa na kitu kisicho na kufuli. Rimoti ya televisheni ilikuwa na kufuli. Kopo la sukari lilikuwa na kufuli. Dirisha la choo, ambalo hata paka mwembamba angefikiri mara mbili kabla ya kulijaribu, lilikuwa na kufuli ya kutoka nje ya nchi. Mgeni akihitaji sukari, mume wangu aliinuka, akachagua funguo, akafungua, akasimama pembeni kama mlinzi wa benki mpaka kijiko kimezama mara mbili, kisha akafunga. Wageni wetu wengi waligundua kwamba kumbe chai isiyo na sukari ni tamu tu.

Sasa, miezi mitano iliyopita, makosa yangu yalianza kuongezeka bila mimi kuongeza juhudi. Nikifunga mlango kwa kishindo, nina kiburi. Nikiufunga taratibu, kuna ninachoficha. Nilisalimiana na muuza maji, nikakosa dawa siku tatu. Nikamwamkia muuza maji kwa kichwa tu, nikakosa siku mbili kwa kutokuwa na utu. Siku niliposimama mbele ya sanduku nikasema nataka dawa yangu, alinipiga usoni na pete nzima ya funguo. Nikashonwa nyuzi nne juu ya jicho.

Kliniki nilisema ni mlango wa kabati.

Sista wa kliniki yetu ni mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuonea mbali, na zote huwa amezivaa, moja machoni, nyingine kichwani. Alitazama majibu yangu ya damu. Wingi wa virusi ulikuwa umepanda kama homa. Akaniuliza kama naruka dawa, nikaapa kwamba siruki. Akainuka, akafunga mlango, akavua miwani zote mbili akaziweka mezani.

“Hilo kabati,” akasema, “ni la ukoo gani?”

Nikalia mpaka nikamlowesha faili. Nikasema yote.

Hakunishangaa. Aliniambia siko peke yangu, kwamba kwenye foleni ya nje siku hiyo angeweza kunionyesha makabati mengine manne, ila hawezi kwa sababu ya siri za wagonjwa. Alinipa namba ya ofisi inayosaidia wanawake wanaopigwa. Nikamwambia siko tayari kuipiga. Akasema namba haiozi. Halafu tukapanga: dawa zangu zikae kazini, ndani ya kabati langu la nguo, nimeze kila asubuhi kabla pasi hazijapata moto.

Huo ndio ulikuwa mpango wa sista. Nyongeza ilikuwa yangu, na sikumwambia.

Nyumbani mume wangu alitegemea chupa yenye karatasi ya kliniki. Nikirudi mikono mitupu ataniuliza, na maswali yake huwa hayaishii mdomoni. Basi nilipita duka la dawa, nikanunua vitamini, vidonge vyeupe visivyo na harufu, ambavyo ukivitazama kwa haraka huwezi kuvitofautisha na vyangu. Dawa nikazihamishia kwenye kopo la kazini. Vitamini nikazimimina kwenye chupa ya kliniki. Nikaipeleka nyumbani, nikaikabidhi kwa mikono miwili, naye akaifungia kufuli tatu kwa uangalifu ule anaotumia kufungia makasha ya matajiri.

Kwa miezi mitatu nimeishi hivyo. Asubuhi namezea dawa nyuma ya mashine kubwa ya pasi, na msimamizi wetu, tunayemwita Mama Mvuke, ananiletea maji mwenyewe bila kuuliza swali. Jioni nanyoosha kiganja nyumbani napokea vitamini yangu na kushukuru.

Kazi kubwa ilikuwa siku za kunyimwa. Kama sikulalamika, angeshtuka. Kwa hiyo nililazimika kubembeleza. Nimepiga magoti, ndugu msomaji, nikilia machozi ya kweli kwa sababu ya vitamini. Jioni moja nilisahau kabisa kubembeleza, nikawa naosha vyombo huku naimba, nikamwona amesimama mlangoni ananitazama kama kufuli iliyofunguka yenyewe. Nikaangusha sahani haraka, nikaanza kulia.

Nywele zangu zikawa nzito. Kucha zikawa ngumu. Mume wangu akawa ananionyesha kwa wageni: mnaona, mwanamke akiwa na adabu dawa inamkubali. Na damu yangu ilipopimwa tena, sista aliruka kidogo kwenye kiti. Virusi havionekani, akasema. Nilitoka pale nikitembea kama niliyeshinda uchaguzi.

Kisha nikaona jambo.

Chupa ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi. Vidonge ni thelathini, mimi napewa kimoja kwa siku, na nikiadhibiwa sipewi kabisa. Hata hivyo siku ya ishirini mume wangu ananiambia zimekwisha, nenda kachukue nyingine. Mara ya kwanza alisema zilimwagika. Mara ya pili akasema zilimwagika. Mtu ambaye anaweza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya mchele kwenye zulia la mteja, vidonge vikimwagika anaviacha?

Nikaanza kumtazama. Amekonda. Mkanda wa suruali yake umeongezewa matundu mawili. Anakunywa maji jagi zima kwa mkupuo mmoja, na choo amekihamia. Anachoka kabla ya mchana. Nilikaa na hayo kwa siku kadhaa, nikiwa nakunja mashuka, mpaka siku moja shuka likaniponyoka mkononi.

Anakula vidonge vyangu.

Amepima kimyakimya mahali fulani, amekutwa na virusi, na kwa aibu ya kukaa kwenye foleni ya kliniki ameamua kula za mkewe. Na hapo nikaelewa lingine lililoniuma kuliko nyuzi za jicho. Makosa yangu yalikuwa yanaandikwa na chupa. Chupa ikiwa imejaa, mimi ni mke mwema. Chupa ikianza kupungua, nimekuwa jeuri, nimechelewa kazini, nimemdharau mama yake. Alikuwa hanipigi kwa sababu ya muuza maji. Alikuwa ananipiga ili vitoshe.

Mtu huyo huyo alinitangaza kwa ukoo wake wote kwamba ndimi niliyeleta maradhi nyumbani.

Na sasa anameza vitamini.

Hapa ndipo ninapoungama. Nilijua, na nikanyamaza siku tisa. Ningeweza kumwambia, ama kumwambia sista. Sikusema. Nilimtazama akikonda nikasema moyoni, konda tu, baba. Kazini nilipiga pasi huku nachezesha mabega, Mama Mvuke akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Jioni nilimpikia vizuri kuliko wakati wote. Yeye akadhani nimetia akili.

Ndani ya siku hizo tisa wifi yangu alikuja, kama ajavyo kila Jumamosi. Huyu ni mdogo wake mume wangu, wa kike pekee, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa na mkono ambao tangu utoke kwenye plasta haukunyooka vizuri. Alituambia aliteleza bafuni. Wifi akija kwetu hupangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa, na kikombe huja nacho kwenye mkoba, maana anaogopa vyetu. Akanikaribia jikoni akanong'ona kwamba kaka yake anakwisha, na aliyemmaliza anajulikana.

Nikamwambia amuulize kaka yake mwenyewe. Wakaenda chumbani kuzungumza mambo ya kwao, kama kawaida. Alipotoka alikumbatia mkoba kama amebeba yai, akaondoka bila kuaga.

Siku ya kumi nikaitwa kwenye simu ya ofisi kazini.

Ilikuwa hivi. Mkurugenzi wa kampuni moja alikuwa amejifungia chooni ofisini kwake, kitasa kikamgomea. Akaitwa mume wangu. Mume wangu akafika na mkoba wa vifaa, akapiga goti mbele ya mlango, akamwambia mkurugenzi atulie, ni kazi ya dakika tano. Kisha akaanguka chali na kuzimia.

Mkurugenzi, kwa ndani, hakuona. Akawa anauliza, fundi, bado? Kimya. Fundi, umepata? Kimya. Akaanza kumtukana kwa uvivu. Watumishi waliposikia matusi wakaja, wakamkuta fundi yuko sakafuni na bosi yuko ndani, wakabishana nani aokolewe kwanza. Inasemekana walipiga kura. Mume wangu alishinda, akabebwa, na mkurugenzi akakaa mle mpaka saa nane, kwa sababu fundi mwingine wa kufuli katika mtaa ule hayupo.

Walimleta kwenye kituo cha afya kilichokuwa karibu. Ni kilekile chenye kliniki yangu.

Nilipofika alikuwa kitandani na dripu mkononi, macho yamefumba. Nilimtazama miguu. Soksi moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba, soksi niliyoahidi kuishona. Furaha yangu ya siku tisa ikayeyuka pale pale, sijui ilikwenda wapi. Nilikuwa sijamsamehe. Niliogopa tu, kwamba mtu anaweza kufa na mimi nikawa najua kwa nini.

Nikamvuta sista kando. Nikamwambia mgonjwa huyu ana virusi, anakula vidonge vyangu kwa kificho, na vidonge vyenyewe si vidonge.

Sista alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akanitazama kwa mbali ingawa nilikuwa karibu. Akaniuliza kwa nini sikumwambia habari ya vitamini siku ile ile, kwani chupa ya serikali si ya kuchezea. Akasema atanigombeza vizuri akipata nafasi, sasa ana mgonjwa.

Mume wangu alipozinduka, sista aliongea naye faraghani. Sikujua walichosema. Nilikaa kwenye benchi la nje nikikusanya maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: nitamwambia nakusamehe, ila tutameza kila mtu chupa yake, na kufuli sitaki kuiona tena maishani.

Nikaitwa ndani. Alikuwa amekaa, ameshika karatasi mbili, na uso wake ulikuwa wa mwanafunzi aliyefaulu mtihani ambao hakuufanyia maandalizi.

Karatasi ya kwanza ilisema ana sukari. Imepanda mno, ndiyo inayomkondesha, ndiyo inayomnywesha maji, ndiyo iliyomlaza mbele ya choo cha mkurugenzi. Miaka yote sukari ameifungia kwenye kopo, kumbe ilikuwa imeshapita mahali pengine.

Karatasi ya pili alinikabidhi mwenyewe. Hana virusi.

“Mimi mzima,” akasema.

Sista alikuwa anafunga kipimo cha presha. Alisema bila kugeuka kwamba mtu anayemeza dawa mpaka virusi havionekani hamwambukizi mwenzake. “Umebaki mzima kwa sababu ya dawa uliyokuwa unamnyima,” akamwambia. “Na miezi ile uliyomnyima, bahati yako ilikuwa kubwa kuliko akili yako.”

Mume wangu akatazama chini. Mimi nilipaswa kushukuru. Badala yake hesabu yangu yote iligeuka juu chini kichwani. Kama yeye hana virusi, basi anayekula si yeye.

“Vidonge vyangu anakula nani?” nikamuuliza.

“Panya,” akasema.

Sista akaacha alichokuwa anafanya.

“Panya gani anafungua kufuli tatu?” nikamuuliza. “Na akishakula anazifunga?”

Alijaribu kucheka, ikatoka kikohozi. Nikamwona akitafuta funguo mfukoni, kwa mazoea, kama kwamba jibu nalo lina tundu lake. Funguo zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, pamoja na viatu. Akakata tamaa. Ndipo akasema, polepole, akiongea na shuka.

Ni dada yake. Alipopima ujauzito, miezi mitano iliyopita, alikutwa na virusi akapewa dawa. Mumewe akazikuta. Akazitupa chooni zote, akamvunja mkono, akamwapisha kwamba hatakanyaga tena kliniki, na kwamba siku akiona kidonge kingine ndani ya nyumba ile atavunja kisichofungwa plasta. Akamkimbilia kaka. Kaka angefanya nini? Akafungua sanduku.

Nikamuuliza kwa nini hakuniomba. Ningempa. Ningempeleka kwa sista mwenyewe. Akasema dada alimwapisha asiniambie mimi kuliko mtu yeyote, kwa sababu amenisema sana, hakuwa na uso wa kuniangalia. Ndiyo maana aliendelea kupangusa kiti. Akiacha kupangusa ghafla, watu wangeuliza.

“Kwa hiyo ulinipiga ili umtibu aliyepigwa,” nikasema.

Nilimwona machozi, na nakiri hayakunifanyia kitu. Niliyemwona mbele yangu alikuwa wifi na mkoba wake, Jumamosi baada ya Jumamosi, akibeba kwa siri zile vitamini zangu kama dhahabu. Miezi mitatu. Na mimba.

“Ana miezi mingapi?” sista aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Minane,” mume wangu akasema.

Ikabidi nimwambie na yeye. Nilimwambia kwa maneno machache, kwamba katika chupa hamna dawa tangu miezi mitatu. Nilijiandaa kupigwa, hata mkono ukapanda wenyewe kukinga jicho. Hakuinua mkono. Alinitazama mdomo wazi, kisha akashika kichwa kwa mkono wenye dripu, damu ikaanza kupanda kwenye mrija, sista akamshusha mkono.

Sista hakupoteza muda kutulaumu. Alisema bado yapo ya kufanya kabla hajajifungua, na mengine baada, ila aje leo. Si kesho. Kwa kisingizio chochote kile, aje leo.

Mume wangu akaninyooshea simu yake. Nikaikataa, nikatoa yangu. Mwanamke akimpigia wifi yake nani atashangaa? Nilipanga kumwambia kaka yake kalazwa, aje amwone. Ulikuwa ukweli, na mume gani angemkatalia hilo?

Simu iliita mpaka nikadhani inakatika. Ilipopokelewa, sauti ilikuwa ya mumewe.

“Shemeji,” akasema, kwa upole. Upole huo naufahamu, nimeishi nao. “Afadhali umepiga. Nimekuta vidonge kwenye mkoba wa wifi yako, kavifunga kwenye leso. Vyeupe. Ni vya nini?”

Sista na mume wangu walikuwa wananitazama. Na kwa mara ya kwanza tangu ndoa yangu iingie kufuli, nilikuwa na jibu lisilohitaji ujanja.

“Vitamini, shemeji,” nikasema. “Mjamzito lazima ale vitamini. Kama huniamini, peleka kwenye duka lolote la dawa, watakwambia.”

Nilisikia kiti kikivutwa sakafuni.

“Hata mimi ningependa viwe vitamini,” akasema. “Lakini yeye ameshaniambia ni vya nini.”

Nikatega sikio nimsikie wifi yangu nyuma ya sauti ile, hata kama analia. Sikumsikia.